Laptopu hugoma kuwaka asubuhi, ikishawaka hufanya kazi kutwa nzima: je, kweli ni madabodi?

Mleta uzi (Tanga)

Wanajukwaa, salaam.

Ninaomba ushauri wa kitaalamu kuhusu laptopu ninayoitumia kuandalia mitihani na kujumlisha alama za wanafunzi. Ni mashine ya kiofisi ya inchi 14 yenye kichakataji cha Core i5 kizazi cha 8, diski ya SSD ya GB 256, Windows 11, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16 iliyo katika vipande viwili vya GB 8. Niliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya, kama zilivyo nyingi zinazouzwa huku kwetu.

Tatizo lenyewe liko hivi. Asubuhi ninapobonyeza kitufe, taa yake inawaka na feni inazunguka kwa muda mfupi kisha inatulia, lakini kioo kinabaki cheusi na hata nembo ya kampuni haitokei. Nikishikilia kitufe mpaka mashine izime, kisha nikajaribu tena, mara nyingine inawaka kana kwamba hapakuwa na shida yoyote, na mara nyingine inarudia yaleyale hadi nakata tamaa na kuandika kwa mkono. Ikishawaka inafanya kazi mpaka jioni bila kukwama, na hata nikiiwasha upya mchana haisumbui.

Fundi wa kwanza alipiga Windows upya na tatizo likarudi wiki hiyohiyo. Wa pili aliiwasha mbele yangu, ikawaka vizuri, akasema madabodi (bodi kuu ya mashine) imeanza kufa na akanitajia bei inayokaribia nusu ya thamani ya mashine. Kabla sijatoa hela hiyo ningependa kujua kama kuna namna ya kuthibitisha chanzo, maana kitu kinachofanya kazi mchana kutwa sioni kinavyoitwa kimekufa.

Mchangiaji (Dodoma)

Pole sana, mwalimu. Kabla hujafungua skrubu hata moja, zima kwanza kile kipengele cha uwashaji wa haraka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, unapoamuru kompyuta izime, Windows haianzi upya kutoka sifuri siku inayofuata. Inafunga programu zako, kisha inahifadhi hali ya kiini chake kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho ilisome na kuwahi kuwaka. Faili hilo au kiendeshi kimojawapo (programu inayoendesha kifaa) kikiwa na hitilafu, mashine hugoma inapowashwa asubuhi, ilhali ukiiwasha upya mchana haigomi, kwa kuwa kuwasha upya hakutumii faili hilo. Naona hayo yanalingana na maelezo yako. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter, halafu utuletee majibu.

Fundi wa bodi (Dar es Salaam)

Ushauri wa ndugu hapo juu haugharimu kitu, na unaweza kuutengua wakati wowote kwa kuandika powercfg /h on, kwa hiyo mwalimu aufuate. Hata hivyo sitegemei kwamba utamaliza shida hii, kwa sababu mashine yake inakwama kabla ya nembo ya kampuni, na wakati huo Windows bado haijaitwa.

Nieleze mpangilio wa kazi, kwa kuwa uchunguzi wote unasimama hapo. Ukibonyeza kitufe, chipu ndogo inayosimamia umeme na kibodi ndiyo inayotangulia. Inahakiki umeme wa chaja na betri, kisha inafungua njia za umeme moja baada ya nyingine mpaka kichakataji kipate wake. Kichakataji kikishapata umeme kinaanza kusoma BIOS, programu ndogo iliyo kwenye bodi ya kuiamsha mashine, na BIOS inaitafuta RAM na kuipanga kabla ya kuleta picha yoyote kwenye kioo. Baada ya hapo ndipo nembo inapotokea, diski inatafutwa, na kazi inakabidhiwa Windows. Kwa hiyo mashine isiyowasha taa hata moja tunaishuku chaja, betri, kitufe au njia zake za umeme. Yenye taa na feni bila nembo tunaishuku RAM, kioo, BIOS au bodi. Inayoleta nembo kisha ikadai haioni diski, tunaanzia kwenye diski na sloti yake, yaani mahali inapochomekwa. Na ni ile tu inayofika kwenye vidoto vinavyozunguka ndiyo inayostahili kuguswa Windows yake. Kupiga Windows upya kwa mashine inayokwama kabla ya nembo ni kumlia mteja hela yake, hata kama fundi hakukusudia.

Mwalimu, itakapogoma tena usiizime haraka. Bonyeza Caps Lock na uangalie kama taa yake inawaka na kuzima. Ikiitikia, mashine iko hai na ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza pembeni, kwa kuwa kioo kilichopoteza taa ya nyuma bado huchora picha, ila ni hafifu mno. Unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Angalia pia taa ya betri inavyopepesa, na ukiweza uirekodi kwa simu, maana kampuni nyingi huweka ujumbe humo. Kwenye laptopu nyingi za kiofisi za Dell za miaka hiyo, kwa mfano, kupepesa mara 2 kwa rangi ya chungwa na mara 3 kwa nyeupe maana yake ni kwamba RAM haikuonekana, na 3 kwa 1 ni betri ndogo ya saa. HP nao wana mpangilio wao. Tafuta jedwali la modeli yako, usitumie la jirani.

Mwisho, ikishawaka andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia ili ufungue daftari la matukio, na uende kwenye matukio ya mfumo. Windows ikikatizwa katikati ya kazi, inapowaka tena huandika tukio namba 41 la Kernel-Power kulalamika kwamba haikuzimwa inavyopaswa. Usipolikuta tukio hilo baada ya asubuhi ya mgomo, ujue Windows haikufikiwa kabisa, na hilo litatuondolea nusu ya watuhumiwa.

Mleta uzi

Ahsante fundi, na ahsante ndugu wa Dodoma. Uwashaji wa haraka niliuzima siku ileile, na mashine imegoma tena kesho yake. Caps Lock haiitikii. Tochi haionyeshi kitu, na televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi. Katika daftari la matukio sikuona namba 41 kwa asubuhi zilizogoma. Linaruka kutoka kuzima kwa jana jioni hadi kuwaka kwa leo, kana kwamba majaribio ya katikati hayakuwahi kufanyika. Taa ya betri inapepesa kweli, na jedwali la modeli yangu linaueleza mpepeso huo kuwa RAM haikutambuliwa.

Kinachonichanganya ni kwamba nilishaendesha kile kipimo cha RAM cha Windows, yaani mdsched, na kikamaliza bila kuona kosa lolote. Inakuwaje RAM ifaulu mtihani jioni, halafu asubuhi iwe haipo? Jambo jingine, mgomo unazidi asubuhi za mvua, na siku za joto unapungua.

Mchangiaji (Nairobi)

Ningependa kuongeza neno kuhusu chaja kabla hamjafungua mashine. Yangu pia ilikuwa ikiwaka siku moja na kukataa siku ya pili, na chanzo kilikuwa chaja ya USB-C niliyokuwa nikibadilishana na ya simu. Chaja za aina hiyo huafikiana kwanza na mashine kuhusu volti, kwa kawaida kuanzia 5 hadi 20, na iwapo chaja ni ya wati chache, laptopu ambayo betri yake imekwisha hukataa kuwaka, ilhali ikiwa na chaji kidogo hukubali. Hata chaja za pini ya duara zina mitego yake. Ya wati 65 huandikwa volti 19.5 na ampia 3.34, au volti 20 na ampia 3.25, kutegemea kampuni. Lakini zipo zinazouzwa zikiwa na maandishi hayohayo ambazo mzigo ukiongezeka kidogo, volti yake inaporomoka. Kwa upande wa betri, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa.

Fundi wa bodi

Ndugu wa Nairobi amesema kweli, na yeyote ambaye mashine yake haiwashi taa hata moja aanzie hapo alipoanzia yeye. Kwa mwalimu, taa imeitaja RAM na Windows haikuandika lolote, kwa hiyo chaja tuiweke kando.

Swali la kipimo ni zuri na ndilo linalowapoteza wengi. Kipimo cha mdsched, sawa na programu nyingine ya kupima RAM iitwayo MemTest86, hakiwezi kuanza mpaka BIOS iwe imeshaitambua RAM, maana yake ulikiendesha wakati mashine imeshavuka mahali inapokwama, tena ikiwa na joto. Kimethibitisha kwamba chipu za RAM zinatunza data vizuri; hakikusema chochote kuhusu mguso kati ya kipande na sloti wakati mashine ni ya baridi. Metali hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na mguso uliolegea au ulioingia kutu unaweza kukaa sawa mchana na kuachia usiku, achilia mbali unyevu wa pwani wenye chumvi ambao kazi yake tunaiona kwenye mabati na baiskeli zetu. Hiyo pia ndiyo sababu ya fundi wako wa pili kuiona ikiwaka vizuri, kwani ilikuwa imeshabebwa juani mpaka dukani kwake.

Sasa tufungue, ila kwa utaratibu. Siku ambayo imewaka, nakili faili zako kwenye diski ya nje, na kama SSD imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data kwa siri) hakikisha unayo ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, kwa sababu BIOS ikipoteza mipangilio yake Windows inaweza kuidai. Zima mashine, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kabla ya kugusa kitu kingine chomoa betri kwenye bodi kwa kushika plagi yake, si kwa kuvuta nyaya. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, kisha gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuamo mwilini. Kipande cha RAM kinashikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila upande. Visukume nje kwa kucha na kipande kitainuka chenyewe kwa mshazari, nawe ukivute kwa mshazari huohuo ukishika kingo zake bila kugusa ncha za dhahabu. DDR4 ya laptopu ina ncha 260, na chache tu zisizogusa vizuri zinatosha kuifanya BIOS isikione kipande kizima.

Viandike vipande A na B, na sloti uziite 1 na 2. Usisafishe chochote bado, na hapa nasisitiza kwa sababu mikono huwasha: ukisafisha sasa na tatizo likatoweka, hutajua lilikuwa kwenye kipande, kwenye sloti au kwenye bodi, na litakaporudi utaanza moja. Weka A peke yake kwenye sloti 1, iache mashine ilale, uiwashe asubuhi. Halafu A kwenye sloti 2, kisha B vivyo hivyo. Kila mpangilio uupe asubuhi kadhaa, kwa kuwa kuwaka mara moja si ushahidi kwa mashine ambayo kuwaka kwake ni kwa kubahatisha. Mgomo ukimfuata A popote aendapo, A ni mbovu. Ukibaki kwenye sloti 1 bila kujali kipande kilichomo, ni sloti. Ukitokea kila mahali, hapo nitakaa upande wa aliyesema bodi. Betri ikisharudishwa, mashine nyingine haziwaki mpaka zichomekwe chaja. Tena baada ya kubadilisha RAM kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika moja au zaidi wakati BIOS inaipanga upya, kwa hiyo subiri kabla ya kuhukumu.

Mchangiaji (Zanzibar)

Fundi, huku kwetu RAM ikigoma inasuguliwa kwa kifutio cha penseli na inawaka papo hapo. Kuna hata wanaotumia msasa laini. Kwa nini mwalimu asifanye hivyo tu akaendelea na kazi zake?

Fundi wa bodi

Msasa usitumike kabisa, kaka. Dhahabu ya ncha zile ni utando mwembamba sana, na ukishaukwangua unaiacha shaba na nikeli iliyo chini ipigwe na hewa ya bahari, kwa hiyo mteja atarudi baada ya muda akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo. Kifutio cheupe kilicho laini kinaweza kutumika kwa kugusa tu, iwapo hakuna kingine, na chembe zake zote zipulizwe kabla ya kurudisha kipande. Kinachofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kitambaa kisichotoa nyuzi kwa ajili ya ncha, na mswaki laini mpya kwa ajili ya sloti, halafu mashine iachwe wazi mpaka ikauke. Spiriti za dukani zenye rangi, manukato na mafuta ya kulainisha vitasa havifai. Lakini kama nilivyosema, usafi uje baada ya kujua mahali palipoharibika.

Mchangiaji (Morogoro)

Nisaidieni na mimi. Yangu inaleta nembo, vidoto vinazunguka kwa muda mrefu, kisha kioo kinakuwa cheusi, ila si kila siku. Nami nifungue RAM?

Fundi wa bodi

Hapana. Yako imeshaivuka RAM, kwa hiyo nakili data zako leo, kisha pima afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Kama ni diski ya kuzunguka na mistari ya 05 au C5 (inayohesabu sehemu mbovu za diski) ina thamani ghafi iliyozidi sifuri na inayoendelea kupanda, tafuta diski nyingine. Ikiwa diski ni nzima, ule ushauri wa kuzima uwashaji wa haraka unakuhusu wewe kuliko mwalimu, na baada yake angalia kiendeshi cha kadi ya picha. Fungua uzi wako uweke modeli na picha za ripoti, ili huu tuumalize.

Mleta uzi

Nimerudi na majibu. Nikiweka A au B kwenye sloti 2, mashine inawaka kila asubuhi, zikiwemo zile za mvua. Kwenye sloti 1 amegoma A na amegoma B. Nilipoimulika sloti hiyo niliona ndiyo iliyo karibu na tundu la hewa. Vumbi limegandamana ukutani mwake, na kwenye kona ya kushoto ncha kadhaa zina doa la kijani lisilozidi punje ya mtama. Kipande kilichokaa humo nacho kina kamstari keusi mahali ncha zake zilipokuwa zikigusana na sloti, wakati mwenzake anang'aa.

Baada ya kuwa na uhakika huo nilisafisha sloti na vipande vyote viwili kwa alkoholi kama ulivyoelekeza. Sloti 1 ilikubali kwa muda, mpaka nikadhani tumemaliza, halafu mvua kubwa iliponyesha ikagoma tena. Sasa ninatumia GB 8 peke yake kwenye sloti 2 na mashine haijasumbua. Je, nitafute wa kubadilisha sloti, au ninunue kipande kimoja cha GB 16 nikiweke sloti 2 na kuiacha ile nyingine wazi?

Fundi wa bodi

Hongera mwalimu, kazi hiyo mafundi wengi hatuifanyi kwa sababu mteja anasubiri nje. Madabodi yako ni nzima isipokuwa sloti moja, na bei uliyotajiwa haikuwa na msingi.

Kubadilisha sloti kunawezekana kwa mashine ya hewa ya moto, lakini ni kazi ya kuunganisha risasi kwenye ncha nyingi zilizobanana, karibu na kichakataji, na plastiki ya sloti huyeyuka mapema. Fundi mzuri ataifanya; fundi wa kawaida atakuharibia na sloti 2. Mimi ningenunua kipande kimoja cha GB 16. Utapoteza faida ya RAM kusomwa kwa njia mbili kwa pamoja, jambo ambalo hupunguza kasi ya picha kwenye mashine zinazotegemea kadi ya picha iliyo ndani ya kichakataji, na mtu wa kuhariri video au kucheza gemu angelalamika. Kwa mitihani na majedwali ya alama hutaliona. Sloti 1 ibandike kipande cha utepe usiopitisha umeme na unaostahimili joto ili vumbi na unyevu visiendelee kuitafuna.

Unapokwenda dukani chukua kipande chako kimoja mkononi. Kinachotakiwa ni DDR4 ya laptopu ya volti 1.2; vichakataji vya kizazi cha 8 vya daraja la U (vinavyotumia umeme kidogo) huisoma kwa kasi ya 2400, kwa hiyo ukiuziwa ya 2666 au 3200 itafanya kazi ikijishusha, na usilipe zaidi kwa ajili ya kasi usiyoitumia. DDR3 na DDR5 hazitaingia kwa kuwa pengo lao liko mahali pengine, na anayekulazimishia kwa nguvu mwondokee. Omba kuijaribu palepale, ila kuwaka dukani mchana usikuhesabu kuwa ushahidi. Kubalianeni kwamba unaweza kuirudisha iwapo asubuhi itagoma, na risiti iandikwe hivyo.

Mleta uzi

Nimekuelewa, fundi. Muuzaji mmoja amekubali kuchukua vipande vyangu viwili vya GB 8 na kunipunguzia bei ya hicho cha GB 16, lakini nimemwambia wazi kimoja kina alama nyeusi kwenye ncha, naye amekipima na kukiona kinafanya kazi. Risiti ameiandika kama ulivyosema.